Wakija Kukuuliza Maswali: Somo Kuhusu Utafiti wa Afya ya Familia



Mama mmoja aliwahi kunipigia simu saa tatu usiku akaniuliza swali ambalo sijalisahau hadi leo: "Mwanangu, ile karatasi nilisaini, ndiyo watachukulia watoto wangu?"

Ilikuwa mwaka wangu wa pili katika kazi hii. Wanafunzi wawili wa chuo kikuu walikuja nyumbani kwake wakitaka kuuliza maswali kuhusu usingizi wa watoto, shule, na hali ya moyo wake mwenyewe. Mama huyo anaongea Kibembe na Kiswahili, na Kiingereza hasomi. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Fomu ilikuwa na kurasa nne, ilikuwa Ijumaa jioni, na familia nyingine ilikuwa inanisubiri uwanja wa ndege. Nikamwambia, "Mama, saini hapa tu, hakuna shida."

Akasaini. Kisha akakaa wiki tatu bila kulala vizuri, akifikiri kwamba ametoa watoto wake. Wale wanafunzi hawakumkosea. Mimi ndiye niliyemkosea. Jumamosi nilirudi kwake, tukakaa mezani, nikamsomea fomu yote neno kwa neno kwa Kiswahili. Ilichukua saa moja na nusu. Alipomaliza kusikiliza alisema, "Sasa nimeelewa. Na sitaki. Toa jina langu." Jumatatu tukapiga simu, jina likatolewa. Mwezi uliofuata msaada wake wa chakula uliingia kwenye kadi kama kawaida, bima ya hospitali ikaendelea, na watoto wako naye mpaka leo.

Somo la mwezi huu limetokana na kosa lile. Familia nyingi zetu hapa Marekani huombwa kushiriki katika utafiti katika miaka yao ya kwanza. Nataka ujue ni nini unachoombwa, kwa nini unaombwa, na haki yako ni ipi, kabla hujashika kalamu.

Utafiti ni nini?

Utafiti ni kuuliza swali kwa utaratibu, kwa watu wengi, ili kupata jibu litakalosaidia watu wengine pia. Hospitalini na shuleni utasikia wakisema "risachi". Utafiti wa kazi ya jamii unatazama maisha ya familia kwa jumla: afya, kodi ya nyumba, kazi, shule ya watoto, amani kati ya mume na mke, mzee anayeshinda peke yake ndani. Swali lake kubwa ni hili: kwa nini familia fulani zinapona na kusimama, na nyingine zinaumia, na ni msaada gani unaofaa kweli?

Usichanganye utafiti na matibabu. Daktari akikupima damu ili akutibu wewe, hayo ni matibabu. Mtu akichukua majibu yako na kuyaweka pamoja na ya watu mia mbili ili ajifunze kitu, huo ni utafiti. Mara nyingine karatasi ya maswali ni ileile. Kwa mfano, ulipofanya uchunguzi wa kwanza wa afya huenda ulipewa maswali 15, na mwishoni picha kama kipimajoto yenye namba 0 hadi 10, uonyeshe mzigo ulio moyoni umefika wapi. Maswali yale yalitengenezwa Seattle kwa ajili ya wakimbizi. Kliniki inayatumia ili ijue kama unahitaji msaada. Mtafiti pia anaweza kuyatumia, lakini yeye lazima kwanza akueleze na akuombe ruhusa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza daima ni: "Hii ni matibabu au ni utafiti?"

Kwa nini watuulize sisi?

Nilipokuwa mtoto kambini mkoani Kigoma, watu walikuja na madaftari. Waliketi kwenye kigoda chetu, wakamuuliza mama yangu tunakula mara ngapi kwa siku, wangapi walikufa, nani anaota ndoto mbaya. Mama alijibu yote. Hatukuwaona tena, wala hatukujua majibu yale yalikwenda wapi. Najua wengi wenu mna kumbukumbu kama hiyo, na ndiyo sababu mlango ukigongwa hapa mnasema moyoni, "Ah, hao tena."

Mawazo yangu yalibadilika nilipokuwa chuoni, kwa sababu ya mtoto mmoja. Mwaka 2000, huko Manchester katika jimbo la New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka miwili kutoka familia ya wakimbizi wa Sudan alikufa wiki chache tu baada ya kufika Marekani. Alikuwa amelishwa sumu na nyumba. Ilikuwa nyumba ya zamani, na rangi ya ukutani ilikuwa na madini ya risasi. Rangi ilikuwa inabanduka na mtoto akawa anaitia mdomoni, kama watoto wote wa umri ule wanavyofanya.

Watu wangeweza kusema ni bahati mbaya, wakazika, wakasahau. Lakini wahudumu wa afya wa jimbo lile waliendelea kuhesabu. Mwaka 2003 na 2004 walipima watoto wakimbizi walipofika, kisha wakawapima tena baada ya miezi kadhaa. Wakakuta watoto wa Kiafrika 37 ambao walikuwa na risasi nyingi kwenye damu. Cha kushangaza ni kwamba walipofika tu, vipimo vyao havikuonyesha tatizo. Sumu hawakutoka nayo kambini, waliipata hapa, ndani ya nyumba walizopangishiwa. Na kama wangepimwa mara moja tu, hakuna ambaye angejua.

Baada ya hapo taifa likatoa maelekezo: mtoto mkimbizi wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 16 apimwe risasi akifika, na aliye mdogo, wa miezi 6 hadi miaka 6, apimwe tena baada ya miezi 3 hadi 6. Wazazi wengi huniuliza kwa hasira, "Mbona wanamtoboa mtoto mara ya pili? Damu ya kwanza waliipeleka wapi?" Sasa unajua. Ile sindano ya pili imetokana na watoto waliohesabiwa New Hampshire. Usiikose. Na kama nyumba yako ilijengwa kabla ya 1978, mwaka ambao rangi ya risasi ilipigwa marufuku majumbani, na ukaona rangi inabanduka madirishani, mwambie mhudumu wako wa kesi wiki hii hii, usingoje.

Hiyo ndiyo faida ya kuhesabiwa. Asiyehesabiwa haonekani, na asiyeonekana hapangiwi chochote. Kwenye fomu nyingi za hospitali sisi tunaandikwa "Mweusi au Mmarekani Mweusi", basi. Hakuna mahali panaposema mtu huyu anaongea Kiswahili, alikaa kambini miaka kumi na minane, kisha akaanza kazi ya usiku kiwandani wiki ya tano. Shida zetu zinamezwa ndani ya hesabu za watu wengine.

Hata hivyo, kuhesabu wageni si jambo jipya hapa. Chicago, mwaka 1889, Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr walifungua nyumba iitwayo Hull-House katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini kutoka Ulaya. Mwaka 1895 wakazi wa nyumba ile walichapisha ramani zilizoonyesha, nyumba kwa nyumba, nani anaishi pale, ametoka taifa gani na analipwa kiasi gani kwa wiki. Kazi ya jamii kama tunavyoijua Marekani ilikua katika nyumba kama ile, kwa kuuliza wageni maswali. Walioulizwa siku zile walikuwa Waitaliano, Wapolandi na Wayahudi wa Urusi. Leo ni zamu yetu.

Hofu ina sababu yake

Sitakuambia kwamba watafiti wote walikuwa wema. Watu weusi wa nchi hii wana historia ambayo lazima uijue.

Mwaka 1932, karibu na Tuskegee katika jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali ilianza kufuatilia wanaume weusi wapatao 600, wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na ugonjwa wa kaswende. Hawakuambiwa ukweli kuhusu ugonjwa wao. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Ilipofika miaka ya 1940 dawa ya penisilini ilikuwa inaponyesha kaswende, lakini wao hawakupewa, ili watafiti waendelee kutazama ugonjwa unavyokwenda. Iliendelea miaka 40, mpaka magazeti yalipoifichua mwaka 1972. Wengine walikufa, wengine waliambukiza wake zao. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997.

Basi jirani yako Mmarekani mweusi akikuambia, "Usisaini kitu cha hao watu," usimcheke. Hajakosa sababu.

Lakini ujue pia kilichofuata. Mwaka 1974 ilitungwa sheria ya taifa ya kulinda watu katika utafiti, na mwaka 1979 ikatoka Ripoti ya Belmont iliyoweka misingi mitatu. Wa kwanza ni kumheshimu mtu: aamue mwenyewe, akiwa ameelewa. Wa pili ni kumtakia mema: madhara yapunguzwe, faida iongezwe. Wa tatu ni haki: maskini wasibebeshwe mzigo wa utafiti huku faida ikienda kwa wengine. Siku hizi chuo kikuu au hospitali haiwezi kuanza utafiti wa namna hii bila kamati ya maadili kuusoma na kuupitisha. Jina la kamati hiyo na namba yake ya simu huandikwa kwenye fomu, na unaweza kuwapigia wewe mwenyewe.

Haki zako, kwa maneno mepesi

Neno utakalosikia ni "konsenti". Maana yake ni idhini, yaani kukubali baada ya kuelewa. Kusaini bila kuelewa si idhini. Mimi nilijifunza hilo kwa aibu.

Una haki ya kukataa. Ukikataa, msaada wa chakula, bima, nyumba, shule ya watoto na faili lako la green card havitaguswa. Sheria inataka hilo liandikwe wazi kwenye fomu.

Una haki ya kuacha katikati. Hata kama umejibu maswali ishirini, unaweza kusema, "Inatosha."

Una haki ya kuruka swali. Swali linalokurudisha kwenye usiku ambao hutaki kuukumbuka, sema, "Hilo sijibu," halafu mwendelee.

Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Usikubali mtoto wako awe mkalimani. Mtoto wa miaka kumi na mbili hapaswi kumtafsiria mama yake maswali kuhusu kubakwa au kutaka kufa. Na mtoto mwenyewe akiwa ndiye anayeulizwa, mzazi hutoa idhini kwanza, kisha mtoto aliyefikia umri wa kuelewa naye anaulizwa kama anataka. Akisema hapana, ni hapana.

Kuhusu siri, nataka niseme ukweli wote. Majibu yako huwekwa kwa namba badala ya jina, na mtafiti haruhusiwi kuyapeleka kwa mwenye nyumba wako, bosi wako au majirani. Lakini siri ina mpaka. Kila jimbo lina sheria inayowalazimu watu wa kazi fulani, wakiwemo wafanyakazi wa jamii, kutoa taarifa wakishuku kwamba mtoto anaumizwa. Mtu akisema anataka kujiua, msaada utaitwa. Fomu nzuri inaeleza mpaka huo. Uliza kabla ya kuanza: "Ni jambo gani nikisema hutaweza kulificha?"

Maneno yanayopotea njiani

Kuna jambo ambalo sisi tunalijua kuliko maprofesa. Fomu ikitafsiriwa kwa Kiswahili, haina maana kwamba imeeleweka.

Kwenye karatasi moja niliona neno "sonona", kwenye nyingine "unyogovu". Maneno sahihi, yamo kwenye kamusi. Lakini muulize mama wa Fizi au baba wa Uvira kama ana sonona, atakutazama tu. Muulize, "Mama, una mawazo?" hapo ataweka kikombe chini. Atakuambia kichwa kinawaka, moyo unadunda, usiku hapati usingizi, anawaza mpaka kunakucha. Mwenye kujibu "hapana" kwenye neno la kamusi anaandikwa kwamba ni mzima. Kesho hesabu inatoka kwamba familia zetu hazina shida ya moyo, na hakuna mshauri anayeongea Kiswahili atakayeajiriwa.

Watafiti makini wana njia ya kuzuia hilo. Mtu mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona karatasi ya kwanza anarudisha kwa Kiingereza, halafu wanalinganisha. Kisha wanawaletea wazee na akina mama wa jamii waisikilize kabla haijatumika. Ukiitwa kwenye kikao cha namna hiyo, nenda. Na ukiwa unaulizwa ukakutana na neno usilolijua, usijibu ndiyo wala hapana. Sema, "Neno hilo sisi hatulitumii. Unamaanisha nini?" Kuuliza si ujinga.

Jambo jingine: maswali mengi huuliza kuhusu muda maalumu. Karatasi moja ya maswali tisa, inayotumika sana kliniki, inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita tu, na kila jibu lina namba, 0 hadi 3, kuanzia "hapana kabisa" hadi "karibu kila siku". Usijibu kuhusu vita ya 1996. Jibu kuhusu wiki mbili hizi. Na usione aibu kusema "karibu kila siku" ikiwa ndivyo ilivyo. Ukisema "hapana" ili uonekane hodari, unajinyima msaada.

Utafiti unaofanywa pamoja nasi

Upo mfano mmoja ninaoupenda. Theresa Betancourt, profesa wa kazi ya jamii katika Boston College, alikuwa amefanya kazi Rwanda na familia zinazoishi na virusi vya UKIMWI. Wahudumu waliwatembelea nyumbani, wakazungumza na wazazi na watoto kuhusu historia ya familia, malezi, na nguvu walizonazo tayari. Baadaye yeye na wenzake waliuleta mpango huo kwa wakimbizi wa eneo la New England: Wabhutani na Wabantu wa Somalia.

Wabantu wa Somalia ni ndugu zetu wa mbali. Wazee wao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka sehemu ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, na wengine wao wanaongea Kizigua mpaka leo.

Katika mpango ule, wanaokwenda nyumba kwa nyumba walikuwa wakimbizi wenyewe, watu wa lugha ileile, waliofundishwa kazi na kulipwa. Wazee wa jamii walishauri tangu mwanzo. Matokeo ya jaribio dogo la familia 80, nusu kutoka kila jamii, yalichapishwa mwaka 2020. Watoto walioshiriki walisema dalili zao za mshtuko wa mambo waliyopitia zimepungua, na wazazi waliona huzuni ya watoto imepungua, ukilinganisha na familia ambazo hazikupata mpango ule. Ni jaribio dogo, halimalizi maneno. Lakini linaonyesha kwamba sisi tunaweza kuwa wauliza maswali, na si waulizwaji tu. Kijana wako anayemaliza sekondari na hajui asome nini, mwambie kazi hii ipo.

Maswali saba kabla ya kusaini

Kata sehemu hii uibandike kwenye friji.

1. Wewe ni nani, na unatoka chuo au hospitali gani?
2. Hii ni matibabu au ni utafiti?
3. Mnataka kujua nini, na itachukua muda gani?
4. Kuna hatari gani kwangu au kwa watoto wangu?
5. Nani ataona majibu yangu, na ni jambo gani hamtaweza kulificha?
6. Nikikataa au nikiacha katikati, nini kitatokea?
7. Mtarudi lini kutuambia mlichokipata?

Swali la saba ndilo mama yangu hakupata nafasi ya kuliuliza.

Mtafiti wa kweli atafurahi kuulizwa. Anayekasirika au kukuharakisha, mfungulie mlango aende. Akitaka namba yako ya Social Security au ya benki, usimpe. Chukua karatasi, mwambie utampigia, kisha tupigie sisi kwanza. Kadi ya zawadi ya dola ishirini au thelathini ni shukrani ya kawaida kwa muda wako. Isiwe ndiyo sababu ya kusaini kitu usichokielewa.

Ukiwa na mawazo ya kujiumiza, usingoje mtafiti wala jarida hili. Piga 988, saa yoyote, bure. Sema "Swahili" na usubiri mkalimani.

Kazi ya nyumbani

Jioni moja wiki hii, mkiwa mezani, jadilini mambo mawili. La kwanza: ni swali gani ambalo hakuna mtu amewahi kutuuliza kuhusu maisha yetu hapa, na tungependa waulize? La pili: ni neno gani tunalolitumia nyumbani kwa mzigo wa moyo? Tuleteeni majibu darasani Jumanne, kwa mdomo au kwa karatasi, bila jina ukipenda.

Na yule mama? Mwaka jana alikuja utafiti mwingine. Safari hii alinikalisha mimi, akaniambia nisome fomu yote polepole, akasimamisha mara tisa kuuliza. Mwishowe akasaini ukurasa wa nne, akanigeukia akacheka: "Leo nimesaini mimi. Siku ile ulisaini wewe."